Soria Alikuwa Amesimama

Mmeiona nyote. Jumatano usiku, 23 Aprili 2025, nyumbani kwa Getafe, Endrick wa Real Madrid amewaponyoka mabeki, amebaki yeye na kipa David Soria, goli liko mbele yake. Mguu wa kushoto ukaingia chini ya mpira, ukaubetua. Mpira ukapanda bila haraka, ukashuka bila haraka, ukatua mikononi mwa kipa. Kwenye kibanda nilikotazamia, watu walinyamaza kwanza wakidhani kuna kitu hawakukiona, kisha wakazomea kwa pamoja.

Ule ulikuwa uamuzi mbovu. Siusemi ubovu wake kwa sababu mpira haukuingia. Hata ungeingia, ningeandika haya haya. Real Madrid walishinda 1-0, Arda Güler alifunga bao safi, Courtois akaokoa hatari za mwisho. Hayo yalikwenda sawa, sina la kuongeza. Turudi kwenye ule mguu wa kushoto.

Kabla ya kumbetulia kipa, straika hujiuliza swali moja: kipa yuko wapi, na miguu yake inafanya nini? Kipa akitoka mbio, anaziba pembe za chini lakini anaacha shamba zima nyuma yake. Hapo betua. Kipa akianza kulala, kiuno kimeshuka, mikono imefunguka pembeni kuzuia mpira wa chini, hapo pia betua. Lakini kipa aliyesimama kwa miguu yake miwili, magoti yamekunjika kidogo, mikono iko tayari, huyo habetuliwi. Mtambaa wa panya uko mita 2.44 kutoka ardhini. Kipa mrefu akinyoosha mikono anaugusa. Ukimbetulia mtu huyo unampelekea mpira mwepesi pale pale ilipo mikono yake.

Halafu kuna suala la muda, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Shuti la kilomita 90 kwa saa, kutoka umbali wa penalti, linafika golini chini ya nusu sekunde. Kipa hana nafasi ya kufikiri, anabahatisha upande tu. Mpira uliobetuliwa unahitaji muda mara mbili ya huo na zaidi, kwa sababu lazima upande kwanza ndipo ushuke. Endrick ana shuti zito kuliko kijana yeyote wa rika lake ninayemfahamu. Hahitaji kurudisha mguu mbali nyuma ili apige, paja fupi na nene linamalizia kazi yote, na kipa anagundua shuti limetoka wakati mpira umeshampita. Hiyo ndiyo mali aliyozaliwa nayo. Soria alikuwa anaisubiri, akiogopa. Badala yake akaletewa kitu cha kukidaka.

Njia zilikuwepo, tena si moja. Angeweza kuukata mpira chini kwenda nguzo ya mbali. Angeweza kufumua nguzo ya karibu, juu ya bega, mahali ambapo kipa aliyesimama hufika kwa kuchelewa siku zote. Angeweza kumpitishia kwapani. Angeweza kuuvuta pembeni na kumpita. Njia zote hizo humlazimisha kipa afanye kitu. Aliyoichagua yeye ndiyo pekee iliyomruhusu Soria abaki alipo.

Kwa nini basi aliichagua? Mimi naamini alishaamua kabla hajamtazama kipa, na ushahidi wangu ni ule usiku wa tarehe 1 Aprili pale Bernabéu, mechi ya marudiano ya nusu fainali ya Kombe la Mfalme dhidi ya Real Sociedad. Vinícius akampigia pasi ya kupenya, kipa Álex Remiro akatoka, Endrick akaubetua mpira juu yake kwa utulivu wa mzee wa miaka 35. Bao zuri sana, na lilikuwa sahihi kwa kila kipimo. Kipa alikuwa ametoka. Zaidi ya hapo, Remiro huyo huyo alikuwa amefungwa na Endrick mwezi Februari kwenye mechi ya kwanza, pale kijana alipoituliza pasi ndefu ya Bellingham na kumtungua kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo Remiro alikuwa na kumbukumbu ya shuti, na Endrick akamlipa kwa kitu kingine. Ndivyo straika anavyomsoma kipa.

Siku 22 baadaye hakumsoma kipa yeyote. Alirudia bao aliloshangiliwa. Miguu yake ilikuwa Getafe, macho yalikuwa bado Bernabéu.

Kocha wake, Carlo Ancelotti, alisema baada ya mechi kwamba kijana hawezi kufanya vile, kwamba alitakiwa kupiga kwa nguvu zake zote, na kwamba mpira hauna nafasi ya maigizo. Ni kweli tupu. Lakini wasomaji wa safu hii wanajua kwamba nina deni la muda mrefu na mzee huyu kuhusu Endrick, na leo nitalidai. Oktoba 2, 2024, alimwanzisha kule Lille kwenye Ligi ya Mabingwa, akiwa na miaka 18 na siku 73, akamtoa dakika ya 57 kumwingiza Mbappé, Madrid wakalala 1-0, na baada ya usiku ule kijana akapotea karibu kabisa hadi Januari. Straika anayepewa dakika kumi leo na dakika saba baada ya wiki tatu hujifunza jambo moja baya: kila mguso lazima ukumbukwe. Hajifunzi bao la kawaida, bao la wiki, bao ambalo hakuna anayelikata kipande cha video kulirusha kwenye simu. Njaa ya dakika ndiyo mama wa mbwembwe. Nililisema hili Novemba, nikaambiwa nina haraka. Mbappé hakuwepo Jumatano, mlango ukafunguka, na kijana akaingia na njaa yote ya miezi sita kwenye mguu mmoja.

Pamoja na hayo, mguu ni wake. Kocha hakumwambia abetue.

Kinachoniuma ni kwamba njia iliyomleta hapa ilikuwa ya moja kwa moja mno. Mtoto wa Taguatinga, pale jirani na Brasília, aliingia timu ya wakubwa ya Palmeiras Oktoba 2022 akiwa na miaka 16. Usiku wa Botafogo, Novemba 2023, Palmeiras wako nyuma 3-0 mpaka mapumziko, akachukua mpira, akawapunguza watu, akafumua kwa kushoto. Akaongeza la pili, na mechi ikaisha 4-3 kwa Palmeiras. Hapakuwa na pambo lolote. Wembley, Machi 2024, kipa Pickford alipomzuia Vinícius, aliyekuwa ameshaufuata mpira kabla ya mabeki ni Endrick, na Uingereza wakalala 1-0. Siku tatu baadaye, dhidi ya Hispania, aliunganisha mpira uliotokana na kona kabla haujatulia. Dhidi ya Mexico, Juni ile, kichwa cha dakika za majeruhi. Hayo ni mabao ya namba tisa. Brazil imeyasubiri tangu Ronaldo alipofunga manane kwenye Kombe la Dunia la 2002. Mwaka 2014 tulipewa Fred na bao lake moja. Mwaka 2018 Gabriel Jesus alivaa namba 9 mgongoni, akaanza mechi zote tano, akarudi nyumbani bila bao. Richarlison aliifunga Serbia kwa tiktaka mwaka 2022 na watu wakasema ukame umekwisha. Haukuisha.

Hata Copa América ya 2024, ambayo wengi waliitumia kumhukumu, mimi sikumhukumu kijana. Robo fainali dhidi ya Uruguay, Vinícius amefungiwa kwa kadi, kocha Dorival Júnior akamwanzisha Endrick na kumwacha peke yake akiligeuzia goli mgongo, akigombania mipira mirefu na mabeki wanaomzidi vichwa. Uruguay wakabaki kumi dakika ya 74 na Brazil bado haikujua jinsi ya kumfikishia mpira akiwa anaangalia mbele. Ikaisha 0-0, tukatolewa kwa penalti 4-2. Dorival alifukuzwa Machi 2025, na hilo tumwachie. Straika huyu hupewa mpira mbele yake, nyuma ya mabeki. Getafe alipewa hivyo hivyo, kama tulivyokuwa tunadai, ndiyo maana hasira yangu ni kubwa.

Najua mtaniambia habari za Romário. Naam, Romário alibetua, tena sana, na hakuna aliyebetua vizuri kuliko yeye. Lakini tafuteni mabao yake mtazame kipa, msimtazame Romário. Alimsubiri. Alipunguza mwendo mpaka kipa achoke kusimama, na kipa aliposhusha goti ndipo mpira ulipopanda. Maracanã, Septemba 1993, Brazil inahitaji kufuzu na wapinzani ni Uruguay, alifunga mawili. Kwenye la pili kipa Siboldi alitoka, na Romário hakubetua wala hakufumua, alimzunguka na kuupeleka mpira kwenye goli tupu. Mtu yule yule, mguu ule ule, jibu tofauti kwa sababu kipa alifanya kitu tofauti.

Na Ronaldo? Paris 1998, fainali ya Kombe la UEFA, Inter dhidi ya Lazio. Anakwenda peke yake kwa Marchegiani. Miguu inazunguka juu ya mpira, kipa anatikisika, anashuka, Ronaldo anampita na kumalizia. Watu huziita zile chenga mapambo. Hapana. Kila mzunguko wa mguu ulikuwa swali kwa kipa, na alipojibu vibaya akaadhibiwa. Miaka minne baadaye kule Saitama, nusu fainali ya Kombe la Dunia na Uturuki, amezungukwa, hana nafasi ya kuinua mguu, akapiga dochi. Dochi, ncha ya kiatu, kitu ambacho makocha wa akademi zetu za leo humgombeza mtoto akikifanya. Bao pekee la mechi, likaipeleka Brazil fainali. Mfungaji mkubwa kuliko wote aliyevaa ile jezi katika zama zangu aliamua nusu fainali kwa ncha ya kiatu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Hata Adriano, ambaye Endrick anafanana naye zaidi kwa uzito wa mguu wa kushoto, hakuwahi kuusahau uzito huo. Lima 2004, fainali ya Copa América, Argentina wanaongoza 2-1, dakika za majeruhi, mpira unadunda mbele yake ndani ya boksi. Aligeuka akafumua. Brazil wakachukua kombe kwa penalti.

Endrick anayo akili hii, na hapa simfariji mtu. Januari 16 dhidi ya Celta, kwenye dakika 30 za nyongeza, alifunga mawili. La kwanza shuti zito la kushoto. La pili kisigino, na watu wakalia kwamba ni mbwembwe. Haikuwa mbwembwe hata kidogo: alikuwa ameligeuzia goli mgongo, mpira umemfikia miguuni, na kisigino ndicho kiungo kilichokuwa karibu zaidi na goli. Ni dochi ya upande wa pili. Dhidi ya Stuttgart Septemba, akiwa na Vinícius na Mbappé pembeni yake, alipiga mwenyewe. Wakati ule niliandika kwamba pasi ilikuwa bora na bado nasimamia hivyo, lakini angalau alipiga kwa silaha yake. Mabao saba msimu wa 2024/25, matano kati ya hayo kwenye Kombe la Mfalme, kwa dakika chache alizopewa. Kijana wa miaka 18 mwenye hesabu hiyo yuko njiani kufika pale wanapofika wakubwa. Lakini Ronaldo, katika msimu alioumaliza akiwa na umri huo huo, alifunga mabao 30 ya ligi akiwa na PSV.

Sasa linakuja jambo linalonitia hofu. Jumamosi hii, 26 Aprili 2025, ni fainali ya Kombe la Mfalme, Seville, dhidi ya Barcelona. Timu ya Hansi Flick inapandisha mabeki hadi karibu na mstari wa kati, na nyuma yao kipa analazimika kutoka kuziba pengo. Januari kule Jeddah, fainali ya Super Cup, Wojciech Szczęsny alitoka, akamwangusha Mbappé, akala kadi nyekundu. Huyo ni kipa wa kubetuliwa. Akili ya Endrick, baada ya kugombezwa hadharani, itamwambia afumue tu, hata kama kipa yuko mita 20 nje ya goli lake. Hilo nalo litakuwa kosa, na litakuwa limeletwa na lile la Getafe.

Akiingia Jumamosi na akapewa pasi nyuma ya mabeki, msimtazame yeye. Tazameni miguu ya Szczęsny. Ikiwa inakimbia, betua. Ikiwa imesimama, fumua.