Nafsi ya Mtu na Nafsi ya Mbuzi

Fungua Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo mpaka leo watu wanaibeba kwapani kwenda kanisani, usome Mwanzo 1:24. Mnyama anaitwa "kiumbe hai". Sogea mpaka 2:7: mtu anakuwa "nafsi hai". Msomaji anahitimisha papo hapo kwamba mbuzi ana uhai tu, ila mimi nina nafsi. Kumbe kwa Kiebrania maneno ni yale yale pande zote mbili: nefesh hayah. Tofauti hiyo imeletwa na wafasiri. Na ukifika Ezekieli 18:4, nefesh hiyo hiyo imegeuka kuwa "roho", tena roho inayoweza kufa!

Kwa watu wa Mugango hili si jambo la darasani. Wamennonite walianza kazi Shirati mwaka 1934, wakasogea mpaka Mugango muongo huo huo. Wasabato na Wakatoliki nao wapo tele mkoani Mara, na wote hukutana msibani. Msabato anasema marehemu amelala, hana habari na chochote mpaka ufufuo. Mwenzake anasema roho imeshafika kwa Bwana. Wote wameshika Biblia ya Kiswahili, na mfiwa amekaa katikati akisubiri kuambiwa mama yake yuko wapi.

Hapo ndipo anapoinuka mhubiri wa "kwa Kiebrania asilia". Nefesh, atakwambia, ilimaanisha koo na pumzi, kwa hiyo hakuna roho isiyokufa, mjadala umekwisha. Haujaisha. James Barr, katika The Semantics of Biblical Language (1961), alionyesha udhaifu wa hoja za namna hii: maana ya neno tunaipata katika matumizi yake ndani ya sentensi, mzizi peke yake hautoshi. Hata bila Barr tunalijua hilo. "Binadamu" ni mwana wa Adamu, lakini nani analitamka akiwa anahesabu ukoo? Na anayesema "yule ana roho mbaya" hafundishi lolote kuhusu kuzimu.

Kiswahili kina mtego wake pia. Nafsi na roho tulizipata kwa Kiarabu, nafs na ruh, ndugu wa damu wa nefesh na ruah. Undugu huo unatufanya tudhani tunasoma Kiebrania chenyewe. Lakini ruah ni upepo vilevile, na hakuna mvuvi wa Mugango anayeuita upepo wa ziwa roho. Ng'ambo ya ziwa, Waganda wanasema Omwoyo Omutukuvu, neno lenye mzizi mmoja na "moyo" wetu. Kila lugha ina mlango wake.

Siwalaumu wafasiri; lazima wachague. Ninachotaka ni tanbihi tu chini ya ukurasa, iseme kwamba neno ni moja. Haitamaliza ubishi wa msibani, ila itakuwa vigumu zaidi kumwambia mfiwa kwamba jibu limeandikwa waziwazi, wakati sehemu yake ilichaguliwa mezani kwa mfasiri.