Dhiki na Ukuaji wa Imani katika Ushairi wa Kufokafoka wa Dandora: Mfano wa Juliani

Waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi, katika sura ya 5, unazipanga dhiki, saburi na tumaini kama vidato vya ngazi anayoipanda muumini. Ushairi wa Kiswahili nao una ngazi ya aina hiyo tangu kale. Katika Utenzi wa Ayubu, uliojengwa juu ya mapokeo ya Kiislamu, mja mwema hupoteza mali, watoto na afya, husubiri, kisha hurudishiwa neema. Dhiki huko ni mtihani utokao juu, na jibu lake ni subira. Makala haya yanachunguza jinsi ngazi hiyo inavyojengwa upya katika kazi za Juliani, msanii wa muziki wa kufokafoka aliyezaliwa Dandora, Nairobi. Hoja inayotetewa ni kwamba, katika kazi hizo, imani hukomaa pale muumini anapoiuliza dhiki imetoka wapi.

Swali hilo linatokana na mandhari yenyewe. Mtaa wa Dandora ulianzishwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: wakazi waligawiwa viwanja vyenye maji na mfereji wa majitaka, wakajijengea nyumba. Tangu muongo huohuo, jaa kuu la taka za jiji limekuwa jirani yao. Mwaka 2007, utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ulipima damu ya watoto 328 wa eneo hilo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Kuiita sumu hiyo mtihani wa Mungu ni kuwafutia dhambi waliolileta jaa hapo. Ayubu hakuwa na jiji la kulishtaki. Mtoto wa Dandora analo.

Juliani alitokea katika kundi la Ukoo Flani Mau Mau, lililojulikana kwa kuukabili ukali wa maisha ya Eastlands, kabla ya kuuweka Ukristo katikati ya utunzi wake. Yumkini mhakiki akaona katika mabadiliko hayo msanii aliyeihama siasa na kuikimbilia dini. Anwani pekee haitoshi kuhukumia kazi nzima, lakini anwani za albamu zake zinautilia shaka usomaji huo. *Mtaa Mentality* (2008) inauweka mtaa ndani ya fikra za mtu. *Pulpit Kwa Street* (2011) inaitoa mimbari na kuielekeza mtaani. Neno la Kiswahili katika anwani hii ya pili ni moja tu, nalo ndilo linaloibeba: *kwa*. Katika Kiswahili cha Nairobi, *kwa* huonyesha mahali tu, pale ambapo Kiswahili sanifu kingetumia kiambishi *-ni*. Kwa sikio la Kiswahili sanifu, hata hivyo, mtu huenda kwa mjomba au kwa jirani. Kinachofuata *kwa* ya namna hiyo ni mwenye nyumba. Kwa usomaji huu, mtaa umepewa nafsi ya mwenyeji, na mimbari imekuja ugenini. Mgeni hujulia hali kabla ya kusema lililomleta.

Wimbo wake "Bahasha ya Ocampo" unaisogeza hoja mbele. Anwani yake inakumbusha bahasha ya majina ya washukiwa wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo Kofi Annan alimkabidhi mwendesha mashtaka Luis Moreno-Ocampo mwezi Julai 2009. Kwa msomaji wa Biblia, bahasha iliyofungwa ni jirani wa kitabu chenye mihuri katika Ufunuo: vyote viwili vinasubiri kufunguliwa ili mateso yapate hukumu. Tumaini, kidato cha mwisho cha ngazi ya Paulo, hapa linadai majina yatajwe.

Hata hivyo, kazi hizi zina mvutano ambao hazijautatua. Neno *mentality* linaweza kumtwika maskini mzigo wote, kana kwamba dhiki itakoma akibadili mawazo. Aidha, fani ya kufokafoka imekulia katika majigambo, ilhali toba hudai unyenyekevu. Tatizo la kuiazima fani halikuanza leo. Mathias Mnyampala alipotunga *Utenzi wa Enjili Takatifu*, aliichukua bahari iliyolelewa na Uislamu wa pwani, akaifanya itumikie Injili. Tofauti ni kwamba utenzi ulikuwa tayari na unyenyekevu wa dua ndani yake. Kufokafoka hakuna, na mtunzi analazimika kuutafuta.

Mvutano huo unastahili kufundishwa. Mwanafunzi anayeusoma Utenzi wa Ayubu bandia kwa bandua na tungo za Dandora atalazimika kuamua, katika kila kazi, ni nani aliyeileta dhiki, na kama subira anayoisifu muumini haimpi aliyeileta nafasi ya kuendelea.