Nyuki Wamemfunika Liti

Makala nyingi nilizosoma kuhusu Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani, ni nyuki mwanzo mwisho. Kawatuma nyuki, wakoloni wakatimua mbio, basi. Tamu, sikatai. Ila Liti aliuawa, na kifo chake hupewa sentensi moja, kama mwandishi anawahi daladala. Nyuki hawana kesi. Mauaji yana aliyetoa amri. Marguerite Jellicoe alichapisha utafiti wake juu ya upinzani wa Wanyaturu mwaka 1969 katika jarida la Tanzania Notes and Records. Hao ninaowasoma hata hawamtaji, wanakopiana tu. Jina la Liti lipo kwenye uwanja wa mpira pale Singida mjini. Anayetaka kumwandika aanze na kaburi: liko wapi, na nani anasimulia?