Nafsi ya kwanza inapoificha nafsi

Sisi walimu wa fasihi tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba usimulizi wa nafsi ya kwanza humfikisha msomaji hadi moyoni mwa msimulizi. Na kwa kuwa Kiswahili hutumia neno hilohilo, nafsi, kwa maana ya kisarufi na kwa maana ya mtu mwenyewe, ni rahisi kudhani mambo hayo mawili huandamana. Hebu tumtazame Mwingereza Christopher Isherwood.

Isherwood alihamia Berlin mwaka wa 1929. Kifungu cha 175 cha sheria ya Ujerumani kiliharamisha mapenzi baina ya wanaume, lakini polisi wa jiji hilo walivivumilia vilabu vya usiku walimokutania. Huko ndiko alikoweza kuishi alivyo.

Sasa soma riwaya yake ya 1939, Goodbye to Berlin. Msimulizi ana jina la mwandishi, anasema "mimi" mwanzo hadi mwisho, na bado hatumjui! Anajifananisha na kamera: yeye kutazama tu. Penzi la mwandishi mwenyewe na kijana wa Berlin amepewa mhusika mwingine, Peter, na msimulizi analishuhudia kama jirani. Karibu na mwisho, mlangoni mwa klabu iitwayo Salomé, kijana Mmarekani anamuuliza waziwazi kama naye ni mmoja wao. Anakubali, lakini kwa mzaha, na mzaha huo unalifunika jibu.

Miaka 37 baadaye, katika tawasifu yake Christopher and His Kind, Isherwood anamwita kijana aliyekuwa "Christopher", yaani "yeye". Ajabu ni kwamba huyu "yeye" ndiye anayefunguka: aliowapenda, vilabu alivyozoea, hata chumba alichokaa kando ya Taasisi ya Magnus Hirschfeld, daktari aliyepigania kufutwa kwa kifungu kile.

Isherwood alijitetea kwamba msimulizi wa aina hiyo angewafunika wahusika wengine. Hoja hiyo ya kisanaa naikubali nusu. Nusu nyingine ni hofu. Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi waliivamia Taasisi, na siku chache baadaye vitabu vyake vikachomwa hadharani. Huko kwao Uingereza nako, wanaume kama yeye waliendelea kufungwa hadi sheria ilipolegezwa mwaka wa 1967. Basi msomaji wa 1939 aliuona usiku wa Berlin kama tamasha, asijue kwamba aliyemwonyesha alikuwa na mengi ya kupoteza.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo mwanafunzi akiniandikia kwamba "mimi" ya msimulizi inafichua yote, nitamwomba anionyeshe pia inaponyamaza, na inamwogopa nani.