Kipepeo wa Rangi ya Chungwa wa Chumbi

Picha iliyopigwa kutoka juu haitoshi kumtambua kipepeo wa rangi ya chungwa anayepita mashambani Chumbi, Rufiji. Anaweza kuwa Danaus chrysippus. Anaweza pia kuwa jike la Hypolimnas misippus aliyevaa sura ya mwenzake. Kiwavi wa Danaus hula mimea yenye utomvu mweupe, na mara nyingi sumu yake, ambayo hushambulia moyo, hubaki mwilini mpaka anapoota mabawa. Ndege akimla hutapika, na safari nyingine humwacha. Hypolimnas hana kinga hiyo. Anaokolewa na sura tu.

Wengi hukimbilia ncha ya bawa la mbele, wakitafuta weusi na utepe mweupe. Ncha hiyo hupotosha, kwa sababu Danaus wa umbo la dorippus hana weusi huo, na Hypolimnas naye ana umbo liitwalo inaria, lisilo nao vilevile. Mimi huanza na bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi matatu katikati yake, na dume ana la nne, ambalo ni kifuko cha harufu. Jike la Hypolimnas ana doa moja, kwenye ukingo wa mbele, na akitandaza mabawa doa hilo hufunikwa. Kwa hiyo subiri ayakunje, kisha umpige picha kwa ubavuni. Dume la Hypolimnas halisumbui: ni jeusi, lenye mabaka meupe yaliyozungukwa na zambarau.

Ushahidi mzito zaidi hutoka kwenye mayai yanayofugwa mpaka yatoe viwavi. Kiwavi wa Danaus ni laini, ana pingili za rangi nyeupe, nyeusi na njano, na jozi tatu za pembe nyororo. Wa Hypolimnas ni mweusi, ana miiba yenye matawi, na hupatikana hata kwenye mmea wa tako la hasani.

David Smith, aliyechunguza maumbo ya majike wa Hypolimnas jijini Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 1976, aliwachukulia kama kundi lenye sura nyingi, si kielelezo kimoja cha kabatini. Naiona hiyo ndiyo njia sahihi. Ufugaji hufichua pia yasiyoonekana kwenye bawa: mwaka 2000 Francis Jiggins na wenzake walieleza bakteria wa Spiroplasma anayeua madume ya Danaus chrysippus yakiwa bado machanga, hata uzao mzima ukawa wa majike. Anayefuga mayai ya Chumbi aandike basi idadi ya madume na majike kando ya jina la spishi.