Mwalimu wa Cologne na umeme usiotulia

Jiwe la tochi lililochoka, likiguswa na mita ya fundi, huweza bado kusoma volti 1.4 hivi, karibu sawa na jiwe jipya. Likirudishwa kwenye tochi, glopu hutoa wekundu hafifu au haiwaki kabisa. Mita imesema kweli: volti zipo. Mkondo ndio uliokwama, na kilichoukwamisha kimejificha ndani ya jiwe lenyewe. Aliyeonyesha kwa vipimo kwamba chanzo cha umeme nacho ni sehemu ya njia ya chaji alikuwa Georg Simon Ohm, mwalimu wa hisabati na fizikia mjini Cologne, katika majaribio aliyoyafanya Januari 1826.

Vifaa vya kuanzia vilikuwepo. Betri ya Alessandro Volta ilijulikana tangu 1800, na mwaka 1820 Hans Christian Ørsted alikuwa ameonyesha kwamba waya wenye mkondo huigeuza sindano ya sumaku. Kwa hiyo mkondo ungeweza kupimwa kwa nguvu inayoisukuma sindano. Tatizo lilikuwa betri. Bamba za zinki na shaba zilizotiwa kwenye asidi husukuma chaji kwa kishindo mara saketi inapofungwa, kisha hulegea, kwa kuwa viputo vya hidrojeni huganda kwenye shaba na kuziba kazi. Mtu akipima waya mfupi kwanza na mrefu baadaye, hajui tena kama mkondo umepungua kwa sababu ya urefu wa waya au kwa sababu betri imechoka.

Ohm alilipia hilo. Mwaka 1825 alichapisha matokeo yake ya kwanza pamoja na fomula ya logariti ambayo haikuwa sahihi. Ndipo Johann Christian Poggendorff, mhariri wa jarida la Annalen der Physik, alipomshauri aachane na betri na kutumia joto. Thomas Seebeck alikuwa amegundua mwaka 1821 kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa kwa ncha zote mbili, ncha moja ikiwa moto na nyingine baridi, mkondo hupita. Msukumo wake ni mdogo sana, lakini hautetereki maadamu joto la ncha zile halibadiliki.

Na kulizuia joto lisibadilike ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Ohm alichukua kipande cha bismuthi, akakifungia shaba pande zote mbili, ncha moja akaiweka kwenye maji yanayochemka na ya pili kwenye barafu. Maji yakichemka hayapandi joto zaidi. Barafu inayoyeyuka nayo hubaki palepale. Waya za kupimwa alizichovya kwenye vikombe vya zebaki ili kila muungano uwe sawa na uliotangulia. Juu ya saketi hiyo akaning'iniza sindano ya sumaku kwa ukanda mwembamba wa dhahabu. Mkondo ulipoisukuma sindano, aliusokota ukanda huo mpaka sindano ikarudi mahali pake, kisha akasoma kiasi alichosokota. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli, na ustadi wa kushika metali unaonekana katika kila kiungo cha chombo hicho.

Zilikuwa waya nane za shaba zenye unene mmoja, urefu wake ukianzia inchi 2 hadi inchi 130. Kwa ile fupi kabisa kipimo kilikuwa 326¾. Kwa inchi 18 kikawa 190¾. Kwa inchi 130 kikashuka hadi 48½. Nambari zote hizo zilikubali kanuni moja: chukua 7285, gawanya kwa urefu wa waya uliojumlishwa na 20¼.

Utamu wote uko kwenye hiyo 20¼. Waya ulibadilishwa mara kwa mara, yenyewe haikubadilika. Hata Ohm alipopunguza tofauti ya joto, ile 7285 ilianguka sana, lakini 20¼ ikabaki. Maana yake ni kwamba 7285 ni msukumo wa chanzo, na 20¼ ni ukinzani wa kila kitu kilichobaki kwenye saketi, bismuthi ikiwemo. Shuleni hufundishwa volti gawanya kwa ukinzani, na mwanafunzi huangalia glopu peke yake. Ohm hakuwahi kuiacha nje sehemu ya ndani ya chanzo.

Hakujua, hata hivyo, ni kitu gani kinachopita. Elektroni ilitambuliwa mwaka 1897, miaka 43 baada ya kifo chake. Leo inajulikana kwamba katika waya wa shaba wenye eneo la milimita mraba 1, mkondo wa ampea 1 husogeza elektroni kwa takriban sentimita 26 kwa saa, mwendo ambao konokono ataupita bila kutoka jasho. Taa huwaka papo hapo kwa sababu elektroni zimejaa waya mzima tangu mwanzo, na amri ya kusogea huzifikia zote karibu kwa kasi ya mwanga. Haziliwi na glopu pia: zinazoingia ndizo zinazotoka, na kinachobaki kwenye glopu ni nishati.

Kitabu cha 1827 ambamo Ohm alieleza kanuni yake kilipokelewa kwa ubaridi Ujerumani. Royal Society ya London ilimpa nishani ya Copley mwaka 1841.

Ile 20¼ hukutana na fundi wa magari kila asubuhi. Tuseme betri ina volti 12.6 na ukinzani wa ndani wa omu 0.01. Stata ikivuta ampea 200, volti 2 humezwa humohumo ndani, na taa za mbele hufifia kidogo. Ukoko kwenye kibanio cha betri ukiongeza omu 0.02 tu, mkondo huohuo ungemeza volti 4 zaidi, na stata inabaki kulia kwa shida. Fundi anayepima betri gari likiwa limezimwa atasoma 12.6 na kumuuzia mteja stata mpya. Anayepima huku stata inazunguka, mara kwenye nguzo ya betri, mara kwenye kibanio, ataiona tofauti na kuchukua msasa.