Raha Haiko Kwenye Risasi: Uhakiki wa Geometry Wars

Kuna wanaodai kwamba gemu ya kupiga risasi angani haina la kuhakikiwa. Eti ni chombo, maadui na makelele, basi. Madai haya yanatokana na kutazama maudhui peke yake, tena juu juu, na kuisahau fani. Makala haya yanaichunguza Geometry Wars: Retro Evolved, iliyotolewa mwaka 2005 na kampuni ya Bizarre Creations ya Liverpool, Uingereza. Tutaona kwamba gemu hii inafurahisha kwa jinsi inavyombana mchezaji, wala si kwa wingi wa risasi.

Tuanze na asili yake. Space Invaders, aliyoitunga Mjapani Tomohiro Nishikado mwaka 1978, ilipanga maadui 55 kwenye skrini. Kila walipopungua, waliobaki walizidi kukimbia, kwa sababu mashine ilibakiwa na wachache wa kuchora. Nishikado aliuacha udhaifu huo uwe sehemu ya mchezo. Hapo ndipo ulipozaliwa mgogoro mkuu wa gemu hizi: kufanikiwa kwako ndiko kunakokuongezea hatari. Robotron: 2084 ya mwaka 1982 ikaja na vijiti viwili, kimoja cha kwenda, kingine cha kupiga. Geometry Wars imerithi yote mawili.

Sasa tuwaangalie wahusika. Katika riwaya tumezoea kuwabeza wahusika bapa. Hapa wahusika ni bapa kwa maana zote mbili: ni michoro ya mistari, na kila mmoja ana tabia moja tu. Almasi ya buluu inakufuata. Mraba wa kijani unakwepa risasi. Mraba wa waridi ukipigwa unazaa vidogo. Kititia cha zambarau kinazurura bila mpango. Mmoja mmoja hawasumbui. Ngoma inaanza wanapokutana, maana njia ya kumkimbia huyu ndiyo inayokupeleka kwa yule.

Na kwa kuwa tabia zao hazibadiliki, ukifa unajua kwa nini umekufa. Hapo ndipo ilipo haki ya gemu hii, na ndiyo inayomfanya mtu aseme, "Hebu mara moja tena." Isitoshe, kadiri unavyoua bila kufa, alama za kila adui huzidishwa, hadi mara 10. Ukifa, unarudi kwenye moja. Kwa hiyo uhai mmoja mrefu una thamani kuliko vitatu vya papara.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika toleo la pili, la mwaka 2008. Humo mna namna ya kucheza iitwayo Pacifism, ambamo mchezaji hana bunduki kabisa. Anakimbizwa na almasi za buluu, naye hupenya kwenye vilango ambavyo hulipuka na kuwaua walio karibu. Akigusa ncha ya kilango, kwisha habari yake. Risasi zimeondolewa, lakini raha imebaki pale pale! Kumbe muda wote tulichokuwa tukikifurahia ni kusoma nafasi: wapi pamefunguka, wapi panafungwa.

Kasoro haikosekani. Mara nyingine cheche na rangi hujaa skrini hadi chombo kinapotea machoni. Kifo cha namna hiyo ni cha kuonewa, nacho kinaivunja haki ile ile tuliyoisifu.

Kwa kuhitimisha, wapo wanaodhani kwamba gemu ya mtindo wa kale ni picha za vidoto na mlio wa zamani. Hayo ni mapambo tu. Cha kurithi kwa wakale ni nidhamu: sheria chache zisizodanganya, na hatari inayokua pamoja na mchezaji. Mshairi wa utenzi, aliyebanwa na mizani 8 katika kila kipande, hatashangazwa na hilo.